Jarida la Uhandisi wa Biokemia na Kubadilishwa kwa Jina Lake

Katika mwaka wa 1959 lilitokea New York jarida la kitaalamu lenye jina refu mno: Journal of Biochemical and Microbiological Technology and Engineering. Mhariri wake alikuwa Elmer Gaden wa Chuo Kikuu cha Columbia. Jina hilo liliunganisha elimu mbili za maumbile, yaani biokemia na mikrobiolojia, na kazi mbili za binadamu, yaani teknolojia na uhandisi. Urefu wake haukuwa pambo. Elimu yenyewe ilikuwa imekwisha zaliwa, walakini ilikuwa bado haijapewa jina.

Asili yake ni penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka wa 1928, lakini kwa muda mrefu ilipatikana kwa uchache tu, kwa kuotesha kuvu juu ya uso wa maji yenye chakula ndani ya chupa na sahani. Vita Vikuu vya Pili vilipozidisha haja ya dawa, iliamuliwa Marekani kwamba kuvu ioteshwe ndani ya matangi makubwa, kuanzia juu hata chini. Mwezi wa Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilifungua Brooklyn kiwanda chenye matangi 14, kila moja la galoni 7,500. Hapo ndipo lilipokuwapo tatizo ambalo mkemia peke yake hangeweza kulitatua, wala mtaalamu wa vijidudu peke yake. Kuvu ile haiishi bila oksijeni, na maji hayapokei oksijeni ila kidogo: lita moja ya maji yaliyogusana na hewa, katika joto la sentigredi 25, huwa na miligramu 8 hivi. Katika sahani jambo hilo halisumbui, ila katika tangi refu kuvu hukosa pumzi. Basi hewa haina budi ipulizwe ndani, maji yakorogwe, na kiasi cha kupuliza na kukoroga kijulikane kwa hesabu. Tasnifu ya udaktari ya Gaden, ya mwaka wa 1949, ilichunguza haja hiyo hiyo ya oksijeni.

Msemaji wa Kiswahili anazo njia nyepesi za kulieleza jambo hili. Maziwa huchacha yenyewe. Mtu akitaka yawe hivyo kwa makusudi, huyachachusha. Uhandisi wa biokemia umo katika kiambishi hicho cha kusababisha. Kuchacha kumekuwapo tangu kale, na watengenezaji wa togwa na pombe walijua kukuongoza kwa mkono na kwa ulimi. Kilichotafutwa sasa ni kukuongoza kwa kipimo.

Juzuu ya kwanza ya jarida ilikitoa kipimo hicho. Robert Luedeking na Edgar Piret walichunguza asidi ya laktiki, wakaonyesha kwamba kasi ya kutokea kwake hutegemea mambo mawili kwa pamoja: kasi ya kukua kwa bakteria, na wingi wa bakteria waliokwisha kuwamo. Mlinganyo wao unatumika mpaka leo. Makala iliyofuata katika juzuu ile ile ilikuwa ya Gaden mwenyewe. Aliyagawa machachusho katika aina tatu, kwa kufuata uhusiano wa zao na nguvu anayoitumia kijidudu: alkoholi hufungamana nayo moja kwa moja, asidi ya sitriki kwa njia ya kuzunguka, na penisilini haifungamani nayo kwa dhahiri.

Ilibaki shida ya jina. Mwaka wa 1961 Carl-Göran Hedén, mtaalamu wa vijidudu wa Sweden, alipendekeza jarida liitwe Biotechnology and Bioengineering, na kuanzia juzuu ya nne, ya 1962, likaitwa hivyo. Neno la kwanza halikuwa jipya, wala halikuwa na maana moja. Mhungaria Károly Ereky alikuwa amelitia katika anwani ya kitabu chake cha 1919 juu ya kuzalisha nyama, mafuta na maziwa katika mashamba makubwa. Kwake nguruwe alikuwa kama mtambo wa kugeuza mimea kuwa nyama. Huko California mnamo 1947 waalimu wa uhandisi walikuwa wakiliita kwa neno hilo somo la kulinganisha mashine na mwili wa mtu. Kulichukua neno lenye wenyewe wengi hivyo kulikuwa ni ujasiri, na pengine hatari.

Hatari ilitokea, ila kwa upande usiotazamiwa. Mwaka wa 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walifaulu kupandikiza jeni katika bakteria, na 1976 ikaanzishwa kampuni ya Genentech. Muda si muda bioteknolojia ikawa, vinywani mwa watu, ni habari ya jeni tu. Wahandisi wa matangi walijikuta wageni katika neno walilolilea, ingawa insulini ya bakteria nayo haikuweza kupatikana kwa wingi pasipo matangi yao.

Gaden aliuhariri uchapishaji huo kwa karibu robo karne, na jarida lingali likitoka kwa jina la 1962. Mwaka wa 1998 likaanzishwa jarida jingine, likachagua jina la wahandisi wenyewe: Biochemical Engineering Journal.