Wasanii Bungeni: Jina, Chama na Uchaguzi wa Pili

Sheria za Afrika Mashariki hazimzuii msanii kugombea. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inataka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa ambacho yeye ni mwanachama wake. Kama alikuwa akiimba, akiigiza au akilima, haulizwi. Ubishi kuhusu wasanii kuingia bungeni, basi, hauhusu haki yao bali manufaa: jina lililojengwa jukwaani linamfaa nini mpiga kura?

Hoja ya elimu ndiyo hutangulia, nayo ni dhaifu. Kupitia muswada kifungu kwa kifungu, kuchambua bajeti na kuhoji hesabu za serikali kwenye kamati ni kazi ambayo hata mwalimu, mfanyabiashara na ofisa mstaafu hujifunza wakishaapishwa. Wakili pekee anaweza kudai kwamba aliikaribia mapema, na hakuna aliyewahi kutamani bunge la mawakili watupu.

Lenye uzito zaidi ni njia anayopita msanii kufika huko. Kapteni John Komba, mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015, alitokea Tanzania One Theatre, kundi lililovuma kwa kuiimbia CCM, chama tawala. Sanaa yake na chama chake vilikuwa kitu kimoja. Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, alipita kwingine. Muziki wa kufokafoka ulimpa wafuasi tangu miaka ya 1990, na chama cha upinzani cha CHADEMA kilipomsimamisha Mbeya Mjini mwaka 2010 aliwaleta wafuasi hao pamoja naye. Mwaka 2015 alirudishwa bungeni, na Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akashinda Mikumi kupitia chama hichohicho. CCM nayo ilimsimamisha Hamisi Mwinjuma, MwanaFA, katika jimbo la Muheza mwaka 2020. Mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia utamaduni, sanaa na michezo.

Kwa kuwa Tanzania haina mgombea binafsi, chama ndicho kinachofungua mlango. Kinapomteua msanii hupata mkutano uliojaa bila jasho kubwa, na anayeumia ni kada aliyejenga matawi kwa miaka mingi kisha akaachwa kwenye uteuzi. Lawama ya hilo, ikiwa ipo, ni ya chama. Msanii ameomba tu, kama wengine walivyoomba.

Uganda na Kenya hali ni tofauti, maana mgombea binafsi anaruhusiwa. Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, alitwaa jimbo la Kyadondo Mashariki Juni 2017 bila tiketi ya chama chochote. Nyimbo zake zilikuwa zimewafikia vijana wa mitaa ya mabanda ya Kampala kabla wanasiasa wengi wa upinzani hawajajua namna ya kuzungumza nao. Hata hivyo, alipomkabili Rais Yoweri Museveni katika uchaguzi wa urais wa Januari 2021 alikuwa tayari na chama, NUP. Matokeo rasmi, ambayo aliyakataa, yalimpa takriban asilimia 35 dhidi ya 58, na NUP ikawa chama kikuu cha upinzani bungeni. Jina lilitosha kwa jimbo moja. Kwa nchi nzima zilihitajika ofisi, mawakala na wagombea wengine.

Jina hilo pia halidumu lenyewe. Nchini Kenya, mwimbaji Charles Njagua Kanyi, Jaguar, alishinda Starehe mwaka 2017 na kuipoteza mwaka 2022. John Kiarie, mchekeshaji wa kundi la Redykyulass, alishindwa Dagoretti mwaka 2007, wakati vichekesho vya kundi hilo vilikuwa bado vibichi masikioni mwa watu. Aliingia bungeni miaka kumi baadaye kupitia Dagoretti Kusini, akachaguliwa tena mwaka 2022. Kama umaarufu peke yake ndio ungeamua, mambo yangekuwa kinyume.

Kushindwa kwa Sugu na Profesa Jay mwaka 2020 si ushahidi mzuri kwa upande wowote. Mwaka huo karibu wagombea wote wa upinzani wa Tanzania Bara waliangushwa, wasanii na wasio wasanii, na vyama vyao vikalalamikia uchaguzi wenyewe. Kipimo cha haki zaidi ni pale mbunge msanii aliporudi kwa wapiga kura walewale katika ushindani wa kweli: Mbeya Mjini mwaka 2015, Starehe na Dagoretti Kusini mwaka 2022. Wawili walirudishwa, mmoja akakataliwa.