Ufafanuzi: Nani hulipia elimu ya mtoto mkimbizi Nakivale?

Sheria ya Uganda humpa mtoto mkimbizi haki sawa na ya raia katika elimu ya msingi. Haki hiyo hupungua anapoingia sekondari, na anapofika mlango wa chuo kikuu hubaki ndogo sana. Kwa jamaa walio ng'ambo ambao hutuma ada kila muhula, ni muhimu kufahamu serikali inalipa nini, wafadhili wanalipa nini, na ni wapi familia huachwa peke yake.

Mambo muhimu

- Elimu ya msingi hutolewa bila ada kwa wakimbizi na raia, ila chakula, sare na vifaa ni jukumu la mzazi.
- Nafasi za sekondari ni chache, na gharama zake huangukia familia au wafadhili.
- Ufadhili wa serikali na mikopo ya elimu ya juu ni kwa raia wa Uganda pekee.
- Sehemu kubwa ya fedha za elimu ya wakimbizi hutoka nje ya nchi, na hupungua wafadhili wanapobadili sera.

Makazi ya zaidi ya miaka 60

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipoikimbia Rwanda. Leo wanaishi humo watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Idadi yao inazidi laki moja. Kabazana ndipo kilipo kituo cha mapokezi, na familia nyingi zinazovuka mpaka hulala hapo usiku wao wa kwanza kabla ya kugawiwa kiwanja.

Nakivale si kambi yenye uzio. Uganda huwapa wakimbizi ardhi ya kujenga na kulima, na huwaruhusu kufanya kazi na kusafiri nchini. Katika elimu pia, watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji wa Isingiro huketi katika madarasa yale yale na kufanya mitihani ile ile ya taifa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatenganisha ngazi mbili za elimu. Kwa elimu ya msingi, mkimbizi lazima atendewe sawa na raia. Kwa elimu iliyo juu ya hapo, pamoja na utambuzi wa vyeti vya nje na msamaha wa ada, anastahili kutendewa angalau kama wageni wengine waliomo nchini kihalali. Mgawanyo huu unafuata Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi.

Tofauti hiyo ndiyo huamua mtoto atafika wapi. Katika darasa la kwanza, mtoto wa Mcongomani aliyepokewa Kabazana ana dai lile lile kwa serikali kama jirani yake Munyankore. Miaka 13 baadaye, wote wawili wakiwa wamefaulu kidato cha sita kwa alama zinazolingana, jirani anaweza kushindania nafasi ya kulipiwa na serikali. Yeye hawezi.

Shule ya msingi: bila ada, si bila gharama

Uganda ilianzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1997. Mwanzoni ilihusu watoto wanne kwa kila familia, kisha ikapanuliwa. Serikali hulipa mishahara ya walimu walioajiriwa na ruzuku ndogo kwa kila mwanafunzi. Kwa miaka mingi, ruzuku hiyo ilikuwa takriban shilingi 10,000 za Uganda kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Imeongezwa tangu hapo, lakini haitoshi kwa chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madarasa.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza mtoto kunyimwa masomo katika shule hizo kwa kushindwa kulipa. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inamkabidhi mzazi au mlezi jukumu la chakula, mavazi, matibabu na usafiri. Kwa hiyo shule huitwa ya bure, na bado mama mwenye watoto wanne akatakiwa kutafuta sare nne, madaftari ya wanne na mchango wa uji wa mchana kwa wote wanne.

Walimu wa serikali pekee hawatoshi kwa idadi ya watoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na washirika wake, likiwemo Windle International Uganda, wamekuwa wakiajiri walimu wa ziada na kujenga madarasa. Mkataba wa ufadhili unapokwisha bila kuongezwa, mwalimu wa aina hiyo huondoka, na watoto wake huhamishiwa darasa ambalo tayari limejaa.

Lugha na vyeti

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni muda. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura hukutana Nakivale na mtaala wa Kiingereza. Katika madarasa matatu ya mwanzo, sera ya Uganda inapendelea lugha ya eneo husika, ambayo Isingiro ni Runyankore. Wanafunzi wengi hurudishwa madarasa ya chini ili wajifunze lugha kwanza. Ndiyo maana si ajabu kumkuta kijana wa miaka 15 katikati ya shule ya msingi.

Kiswahili, ambacho Wacongomani na Warundi wengi hukitumia sokoni na kanisani, kinapata nafasi taratibu. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kuelekeza kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, Kiingereza ndicho lugha ya mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Anayekuja na cheti cha sekondari kutoka nchi nyingine hulazimika kukilinganisha na vyeti vya Uganda kupitia Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Vyeti vya elimu ya juu hupitia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Aliyekimbia mapigano bila karatasi zake, mara nyingi hana cha kupeleka huko, na wengine huamua kuanza upya.

Sekondari: njia inapokuwa nyembamba

Mpango wa serikali wa elimu ya sekondari bila ada ulianza mwaka 2007, lakini haukugusa shule zote. Ruzuku iliyowekwa kwa shule za serikali zilizo katika mpango huo ilikuwa shilingi 41,000 kwa mwanafunzi kwa muhula, na sharti la kujiunga lilikuwa kufaulu mtihani wa darasa la saba kwa jumla isiyozidi pointi 28. Nakivale ina shule nyingi za msingi ikilinganishwa na za sekondari. Kwa hiyo wengi wanaofaulu hulazimika kutembea mwendo mrefu, kutafuta shule za bweni mjini Mbarara au kwingineko, au kukaa nyumbani.

Katika ngazi hii ndipo fedha za jamaa huonekana zaidi. Ada ya bweni, godoro, sanduku, sare na nauli ya muhula huzidi uwezo wa familia inayotegemea mgao na shamba dogo. Familia inapolazimika kuchagua, mara nyingi msichana ndiye hubaki nyumbani.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za Marekani kupanua elimu ya sekondari Uganda, zikiwemo fedha za kujenga zaidi ya shule 100 mpya, na wilaya zinazohifadhi wakimbizi zimo katika mpango huo. Kipindi hicho kiligongana na janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa kuanzia Machi 2020, na madarasa yote yalifunguliwa tena Januari 2022. Baadhi ya wanafunzi hawakurudi.

Chuo kikuu: Mbarara iko karibu, ada iko mbali

Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, cha umma, kilichoanzishwa mwaka 1989, na vyuo vingine kikiwemo Bishop Stuart, cha Kanisa la Anglikana. Kijana wa Nakivale anaweza kuomba nafasi katika vyuo hivyo. Kikwazo ni malipo.

Kila mwaka serikali hudhamini takriban wanafunzi 4,000 katika vyuo vikuu vya umma, nao lazima wawe raia. Mikopo ya Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, pia ni ya raia. Mkimbizi hubaki na ufadhili wa mashirika. Unaojulikana zaidi ni DAFI, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Ujerumani tangu mwaka 1992 kupitia UNHCR. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. UNHCR imeweka lengo la asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani kuwa katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030, na kiwango cha sasa bado kiko chini ya asilimia 10.

Kwa nini fedha hutetereka?

Septemba 2018, Wizara ya Elimu na Michezo ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea katika wilaya 12, Isingiro ikiwemo. Ulihitaji takriban dola milioni 389 kwa miaka mitatu na nusu. Wakati huo, zaidi ya nusu ya watoto wakimbizi nchini walikuwa nje ya shule. Mpango huo ulisifiwa kwa kuiweka elimu ya wakimbizi chini ya wizara ya serikali, lakini michango ya wafadhili haikufikia mahitaji.

Chakula nacho huathiri elimu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha asilimia 60 mwaka 2021. Mwaka 2025 lilitangaza kuwa watu milioni moja wataacha kupokea msaada huo. Fedha ambazo familia ingenunulia madaftari hununua mahindi, na mtoto mkubwa hutafuta kibarua.

Kabla ya kutuma ada

Kwa anayemsomesha ndugu Nakivale au Mbarara, maswali machache husaidia:

- Je, shule imo katika mpango wa elimu bila ada? Ikiwa imo, fedha zinazodaiwa ni za nini hasa?
- Je, mwanafunzi wa darasa la mtihani amesajiliwa UNEB, na jina lake linalingana na lile la kitambulisho cha ukimbizi? Majina yakipishana, huleta usumbufu wakati wa kuomba ufadhili.
- Je, vyeti vya nje vimekwisha kulinganishwa? Ni heri kuanza mapema kuliko kusubiri barua ya chuo.
- Je, chuo kitamtoza ada ya raia au ya mgeni? Jibu hutofautiana, na ni vyema lipatikane kwa maandishi.
- Je, ameomba ufadhili kwa wakati? Matangazo ya nafasi hubandikwa makazini na katika ofisi za washirika wa UNHCR.

Majibu ya maswali haya hayataongeza nafasi za sekondari wala za ufadhili. Yatasaidia fedha iliyopatikana kwa jasho ilipe pale ambapo hakuna mwingine anayelipa.