Damu ya Mbuzi, Kipimo cha Mtu

Mwaka 1897 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam na kuchunguza damu ya ng'ombe kwa darubini. Ndani ya chembe nyekundu aliona vimelea vidogo sana. Akadhani ni hatua mojawapo ya homa ya Texas, ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani. Kumbe alikuwa akiitazama ndigana kali. Ilikuwa mwaka 1904 ndipo Arnold Theiler, huko Afrika Kusini, alipoonyesha kuwa vimelea hivyo ni vya aina ya pekee. Darubini ya mzee Koch ilikuwa nzuri. Cha kuazima kilikuwa kipimo alichokuja nacho kichwani.

Nakikumbuka kisa hicho kila nisikiapo habari za mashine za kuhesabu chembe za damu kwa waganga wa mifugo. Chimbuko lake ni Wallace Coulter wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1953. Damu huchanganywa na maji ya chumvi, ikavutwa kupitia kitundu chenye mkondo wa umeme. Kila chembe ipitapo huuzuia umeme kidogo, na ukubwa wa kizuizi ndio ukubwa wa chembe. Kazi iliyokuwa ikimchosha mtu macho ikawa ya dakika chache.

Ila mashine hizo zilianza na damu ya watu. Chembe nyekundu ya mtu ina ujazo wa mara nne hivi, au zaidi, ya ile ya mbuzi. Mashine iliyopangwa kwa mtu huweza kuzidhania chembe za mbuzi kuwa zile za kugandisha damu, au ikazipuuza kama takataka. Kisha itakuchapia karatasi safi, yenye tarakimu za kupendeza, kwamba mbuzi mzima amekaukiwa damu! Zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama huwa na mpango wa kila mnyama, lakini muulize muuzaji kama mbuzi yumo. Mbwa na paka hawakosi.

Kwetu Mgeta si jambo la mzaha. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei walianza kuletwa mwaka 1988, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mbuzi akinyonywa damu na minyoo bila mtu kutambua, maziwa ya watoto hukatika, kisha mbuzi mwenyewe hufa. Ukiwanywesha dawa wote ovyo, minyoo huizoea.

Kipimo cha zamani ni mrija mwembamba wa kioo, unaozungushwa kwa kasi mpaka chembe zijikusanye, ukasoma kimo chake. Damu ya mbuzi hutaka kuzungushwa muda mrefu zaidi, maana chembe zake ndogo huchelewa kushikamana. Nikiulizwa kuhusu mashine mpya, ningetafuta mbuzi ishirini wa Nyandira, wazima na wagonjwa, damu ya kila mmoja nusu iende kwenye mashine, nusu kwenye mrija. Na ningepima huko huko mlimani, siku ile ile, kwa kuwa damu iliyoshinda ndani ya gari ikiteremshwa Morogoro mjini si ile iliyotoka mshipani.