Gome, Chupa na Yasmini

Mwaka juzi nilikaa na shangazi yangu saa tatu nzima akiwa na dripu ya kemo mkononi. Saratani ya titi. Dawa tulikuwa tumeinunua wenyewe duka la nje, na boksi lake lilikuwa mapajani mwangu: paclitaxel. Shangazi, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye mizizi na majani, akaniuliza, "Hii nayo ni kemikali tu, mwanangu, au ina mti ndani yake?" Mimi mwandishi wa habari, chuo nimesoma, na jibu sina. Nikamwambia nitaangalia.

Mti upo. Agosti 1962 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikuwa msituni jimbo la Washington akikusanya magome ili yapimwe kama yanaweza kuua seli za saratani. Mti mmojawapo ulikuwa Pacific yew, mti mdogo unaokua polepole chini ya kivuli cha miti mikubwa, ambao wakata magogo waliuchoma kama takataka. Monroe Wall na Mansukh Wani, kule North Carolina, walilichambua gome hadi wakaifikia dawa yenyewe, na mwaka 1971 wakachapisha umbo lake. Mwaka 1979 Susan Horwitz akaonyesha inavyofanya kazi: inagandisha nyuzi ambazo seli huzitumia ikijigawa. Seli inakwama katikati, inakufa.

Shida ikaanzia hapo. Ndani ya gome dawa ni kiduchu mno, na ukilibandua lote mti unakufa. Mgonjwa mmoja alihitaji miti kadhaa, tena ya miaka mingi. Majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1980 yalipoonyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya ovari iliyoshindikana wanapata nafuu, Marekani ikajikuta kwenye ugomvi usio na mtu mbaya: wagonjwa huku, watetezi wa misitu kule. Dawa iliidhinishwa Desemba 1992, bado ikitegemea gome. Ahueni ya kwanza ilitoka Ufaransa, kwa Pierre Potier na wenzake: majani ya yew wa Ulaya yana kitu kinachokaribia kuwa dawa hiyo, na majani ukichuma yanachipua tena. Wakemia wanamalizia sehemu iliyobaki.

Lakini njia iliyonishika mimi ni ile nyingine, ya chupani. Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alitabiri kwamba seli moja ya mmea inaweza kukua ikawa mmea mzima. Seli zake mwenyewe hazikujigawa hata mara moja! Mpaka 1939 ndipo watafiti wakaweza kukuza tishu za karoti chupani bila kikomo. Wakulima wetu wa migomba wanaijua sehemu ya hadithi hii, kwani miche yao mingi siku hizi huoteshwa maabara. Ila kwa dawa huhitaji mche. Unachukua kipande cha mmea, unakilisha sukari, madini na homoni, kinageuka donge la seli lisilo mzizi wala jani, kisha unalikuza tenkini. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui ya Japani ilizalisha hivyo shikonin, rangi nyekundu ya mzizi wa dawa wa kijapani. Ikaishia kwenye lipstiki.

Sasa, seli iliyoshiba sukari ni mvivu. Mmea hautengenezi sumu kwa ajili yetu, unajilinda, na ndani ya tenki hakuna mdudu. Basi watafiti wa yew wakazipa seli taarifa ya uongo: methili jasmoneti, ishara ambayo mimea huitoa ikitafunwa. Seli zikashtuka, dawa ikaongezeka sana. Na ishara hiyo, kumbe, iligunduliwa kwanza kwenye mafuta ya yasmini. Kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikahamia kwenye seli, na mwaka 2004 ikatuzwa na serikali ya Marekani kwa hilo.

Si kila mmea unakubali. Lile ua dogo la asili ya Madagaska, la pinki au jeupe, petali tano, ambalo shangazi analo kwenye makopo kibarazani, hutoa vincristine, dawa ya watoto wenye saratani ya damu. Dawa hiyo ni nusu mbili zilizounganishwa. Seli za chupani hutengeneza nusu moja. Nyingine inataka jani halisi, lenye seli za aina mbalimbali zinazopokezana kazi. Kwa hiyo majani bado yanavunwa shambani, makavu mengi mno kwa dawa kiduchu tu.

Mzunguko wa kemo uliofuata nikampelekea jibu. Boksi halikusema kama dawa ilitoka tenkini au kwenye majani, nikamwambia vyote vinawezekana. Habari ya yasmini alinirudisha mara mbili, huku akisugua vidole vyake vilivyoanza kufa ganzi.

"Kwa hiyo wanauzuga mti?"

"Seli tu, shangazi. Mti wenyewe haupo."

Akanyamaza kidogo. "Na langu la kibarazani limekataa kuzugwa."

"Limekataa."

Akacheka mpaka nesi akageuka kututazama.