Kentia: Mti wa Kivulini katika Sebule za Uingereza

Katika lugha ya watu wa pwani, miti ya jamii ya mnazi hutajwa mmoja mmoja kwa jina lake na kwa kazi yake: mnazi hutoa nazi na makuti, mkindu hutoa ukindu wa kusukia mikeka, mchikichi hutoa mawese, na mpopoo hutoa popoo inayotafunwa pamoja na tambuu. Desturi ya kuutia mti wa jamii hiyo chunguni, kuuingiza ndani ya nyumba na kuutunza kwa ajili ya kutazamwa tu ilikomaa kwingine, hasa Uingereza ya karne ya 19, nchi isiyo na hata mti mmoja wa asili wa jamii hiyo, na historia yake haielezeki kwa kupenda uzuri pekee. Miti mingi mizuri ilijaribiwa sebuleni ikafa. Iliyosalia ni ile iliyokwisha kuzoea kivuli kizito kabla haijapandishwa merikebuni, na iliyoishinda yote kwa sifa hiyo ni kentia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa safari yenyewe, kwa kuwa miche iliyowekwa juu ya sitaha iliunguzwa na chumvi ya mawimbi, na iliyofichwa chini ilikosa mwanga, huku mabaharia wakiona uchungu kuinyunyizia maji waliyopimiwa kwa kunywa. Ufumbuzi ulitokana na Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, ambaye mwaka 1829, alipokuwa akimchunguza buu ndani ya chupa iliyofungwa, aligundua kwamba kangaga na nyasi zilikuwa zimechipua katika udongo wa chupa hiyo bila kutiwa maji. Unyevu uliotoka udongoni mchana uligeuka matone juu ya kioo na kurudi chini, hivyo mmea ukajinywesha wenyewe. Ward alitengeneza masanduku ya mbao na vioo kwa kanuni hiyo, na mwaka 1833 alipeleka mawili hadi Sydney, ambako mimea iliwasili ikiwa hai baada ya miezi kadhaa ya bahari.

Kikwazo cha pili kilikuwa bei ya kioo. Serikali ya Uingereza iliifuta kodi ya kioo mwaka 1845, na wakati huohuo, kati ya 1844 na 1848, jumba kubwa la chuma na vioo lilikuwa likijengwa katika bustani ya Kew kwa ajili ya miti ya nchi za joto, likipashwa moto na matanuri ya makaa ya mawe yaliyofichwa chini ya sakafu, moshi wake ukipelekwa kwa njia ya chini ya ardhi hadi kwenye mnara uliosimama mbali. Humo bado unaishi mtapo kutoka Afrika Kusini uliofika Kew mwaka 1775 na kukaa chunguni tangu wakati huo, ingawa mtapo, licha ya makuti yake, si wa jamii ya mnazi kabisa na hauna hata maua. Jumba la Kew liliwafanya watazamaji watamani kuwa na msitu wao nyumbani, lakini halikuwafundisha namna ya kuutunza, kwa sababu sebule ya mtu wa tabaka la kati haikufanana hata kidogo na jumba la kioo.

Sebule hiyo ilikuwa na mapazia mazito yaliyozuia jua, moto wa makaa ya mawe uliokausha hewa jioni na kuzimika usiku chumba kikipoa, na zaidi ya hayo taa za gesi. Gesi hiyo, iliyopatikana kwa kuyapasha makaa ya mawe moto mkali ndani ya chombo kisichopitisha hewa, ilikuwa na salfa na pia ethilini, ambayo hata ikiwa kidogo sana huyafanya majani ya mimea mingi yazeeke na kupukutika kabla ya wakati wake. Kila taa ilipowashwa ilikuwa kana kwamba mimea inapewa sumu kwa kipimo kidogo, na ndiyo maana orodha ya mimea ya ndani ya zama hizo ni fupi kuliko mtu angetazamia.

Kentia inatoka Lord Howe, kisiwa cha asili ya volkano chenye eneo lisilofika kilomita 15 za mraba, kilichopo kama kilomita 600 mashariki ya pwani ya Australia. Wazungu walikiona mara ya kwanza mwaka 1788, na walowezi walianza kukaa huko mwaka 1834 wakiziuzia vyakula meli za wawinda nyangumi, huku wakiezekea nyumba zao kwa makuti ya mti uleule ambao baadaye ungewatajirisha. Mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller aliuingiza katika jenasi ya Kentia mwaka 1870, na Odoardo Beccari wa Italia akauhamishia jenasi mpya ya Howea mwaka 1877, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzoea jina la kwanza, nao, kama ilivyo ada yao, hawakuwasubiri wataalamu.

Mche wa kentia hukulia chini ya miti mikubwa ya jamii yake, mahali ambapo jua hufika kwa vipande vipande, na huweza kukaa miaka katika hali hiyo ukitoa majani machache tu kwa mwaka, ukisubiri mti mzee uanguke. Kisiwa chenyewe kina hewa ya wastani, bila joto kali la ikweta wala baridi ya kugandisha. Mambo hayo mawili, subira gizani na uvumilivu wa ubaridi, ndiyo yaliyoulinganisha na sebule ya London, na karibu kila kanuni ya utunzaji iliyorithiwa hadi leo ni kumbukumbu ya msitu ule. Chungu huwekwa penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, kwa kuwa jani lililozoea kivuli huungua. Mti humwagiwa maji mpaka yatoke chini, kisha huachwa udongo wa juu ukauke, wala sahani ya chini haiachwi na maji, kwa kuwa mizizi inayokosa hewa huoza. Nao hauhamishwi mara kwa mara, kwa sababu mizizi yake huchukia kuguswa, na chungu chenye kubana kidogo hakiudhuru. Kufuta majani kwa sponji na maji ya vuguvugu, kazi ambayo leo huonekana kama urembo, ilikuwa ya lazima katika mji uliojaa masizi, kwani jani lililofunikwa masizi hunyimwa hata ule mwanga mdogo uliokuwepo. Ncha za majani zikigeuka kahawia, sababu kwa kawaida ni hewa kavu au chumvi ya mbolea iliyojikusanya udongoni, na mtunzaji anaweza kuzikata bila madhara. Asichoweza kukikata ni moyo wa mti, yaani chipukizi la kileleni, kwa kuwa kentia, kama mnazi, ina moyo mmoja tu, na ukifa huo mti wote umekwisha. Kwa sababu hiyohiyo haitoi matawi wala machipukizi ya pembeni, na kichaka kizuri kinachoonekana chunguni kwa kweli ni miche kadhaa iliyopandwa pamoja.

Kufikia miaka ya 1880 mbegu za kentia zilikuwa zikisafirishwa kutoka kisiwani kwenda kwenye vitalu vya Ulaya, zikichumwa na watu waliokwea mashina laini kwa kamba miguuni, na biashara hiyo ikawa tegemeo kuu la wakazi baada ya uwindaji wa nyangumi kudorora. Mwaka 1913 iliundwa bodi ya kuisimamia. Huko Ulaya, hoteli kubwa zilikuwa zimejenga kumbi za kunywea chai katikati ya miti ya chunguni, mfano maarufu ukiwa hoteli ya Ritz iliyofunguliwa London mwaka 1906, na hata meli ya Titanic ilikuwa na kumbi za namna hiyo.

Pigo lilikuja Juni 1918, meli iliyoitwa Makambo ilipokwama kisiwani na panya wake wakafika nchi kavu. Panya hao walizila mbegu za kentia zikiwa bado mitini na nyingine zilizoanguka, na katika miaka michache waliangamiza aina tano za ndege ambazo hazikupatikana kwingineko duniani. Wakazi walijaribu kuwadhibiti kwa kulipia kila mkia ulioletwa, kisha kwa kuleta bundi kutoka nje, ambao hawakuwamaliza panya bali wakawa adui mwingine wa ndege waliosalia.

Wakati huo ladha ya Ulaya nayo ilikuwa ikibadilika, na vyumba vyeupe vyenye madirisha mapana vilivyofuata vilikubali mimea mingine, ukiwemo mti wa Madagaska wenye mashina mengi ya manjano ambao leo husimama katika mapokezi ya hoteli za Nairobi na Dar es Salaam. Wauzaji huuita areka, ingawa areka halisi ni mpopoo, na hakuna atakayepata popoo kwenye mti ule.

Kentia haikutoweka. Kitalu cha Lord Howe kiliendelea, na baadaye kikaacha kutegemea mbegu tupu, kikaotesha miche yake chenyewe. Mwaka 2019 ilifanyika kampeni ya kuwaangamiza panya wote kisiwani, miaka 101 baada ya Makambo. Miche inayouzwa nje huoshwa mizizi mpaka isibaki chembe ya udongo, ili kiumbe kingine kisivuke bahari kwa siri, ndipo hufungwa na kupelekwa kwa mnunuzi, ambaye ataupa kila mche udongo wa kwao.