Mafuta na maji ya mashine ya boti: jinsi ya kuyahudumia pwani, bila fundi

Kusini mwa Somalia, kutoka Kismayo hadi Burgao na Ras Kamboni, na katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, maisha ya Wabajuni hutegemea chombo cha majini. Boti ndiyo hupeleka nyavu, ndiyo huleta samaki na kamba sokoni, na ndiyo humkimbiza mgonjwa mjini. Mashine ikizimika nje ya miamba wakati wa kusi, mkondo huelekea kaskazini kwa nguvu, na chombo kisicho na tanga wala kasia huchukuliwa nao.

Kutunza chombo kwa mafuta si jambo geni kwa watu hawa. Mabaharia wa mashua walipaka sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili mbao zisioze, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, sehemu iliyo chini ya maji. Mashine ya kufungwa nyuma ya boti nayo ina vimiminika vyake: petroli, oili ya injini, oili ya gia na maji ya kuipoza. Kazi ya kuvihudumia yaweza kufanywa na mwenye chombo mwenyewe, kwa spana, bisibisi na subira.

Saa mia moja ni muda gani?

Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida huagiza oili ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi 6, lolote litakalotangulia. Kwa mtu anayetembelea bahari kwa starehe, miezi 6 hutangulia. Kwa mvuvi anayewasha mashine saa 5 kwa siku, saa 100 hutimia kwa siku 20 tu. Kwa hiyo ni vyema kuhesabu saa, hata kwa kuchora alama za chaki ubaoni, badala ya kungoja msimu ubadilike.

Maji matamu baada ya safari

Mashine hii hujipoza kwa maji ya bahari inayoyavuta kutoka chini. Ikizimwa, maji hukauka na chumvi hubaki ndani ya mifereji, ikijenga ukoko hadi njia inaziba. Dawa yake ni kuisafisha kwa maji matamu.

Pasipo bomba, mguu wa mashine hutumbukizwa katika pipa lililojaa maji hadi juu ya bamba pana lililo juu ya rafadha. Mashine huwashwa bila gia, polepole, kwa dakika 10 hivi. Ni salama zaidi kuiondoa rafadha kwanza. Katika muda huo, mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine utazamwe. Ukikosekana, mashine izimwe mara moja. Aidha kitundu kimezibwa na mchanga au chumvi, aidha pampu ya maji imechakaa. Mashine isiwashwe kamwe ikiwa kavu, hata kwa dakika moja, kwani bawa la mpira lililo ndani ya pampu huungua upesi.

Visiwani maji matamu ni machache, na binadamu ndiye mwenye haki ya kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo, yasiyofaa kunywewa, bado ni bora kuliko ya bahari. Pipa moja laweza kuhudumia mashine kadhaa siku hiyo hiyo, ingawa kila inayoingia huyaongezea chumvi.

Petroli na oili yake

Mashine za mipigo miwili, ambazo ni nyingi pwani, hulainishwa na oili inayochanganywa na petroli. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli: dumu la lita 20 huhitaji mililita 400. Mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo, mara nyingi maradufu. Kitabu cha mashine yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Anayepunguza oili ili kuokoa fedha huzila pistoni zake mwenyewe.

Oili inayofaa ni ile yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, na huweza kuacha masizi kwenye plagi na pistoni. Petroli ipitishwe katika chujio laini, na dumu liachwe litulie kabla ya kumiminwa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini. Tanki lijazwe nje ya chombo, mbali na sigara na jiko.

Mashine ya mipigo minne haichanganyiwi oili. Oili yake hukaa ndani ya injini. Mashine hupashwa moto kidogo, huzimwa na kusimamishwa wima, kisha oili humwagwa chomboni. Chujio likibadilishwa, oili mpya hutiwa kidogo kidogo hadi ifike kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia. Kuzidisha nako ni madhara.

Oili ya gia husema kweli

Kabla ya kuushika mguu wa mashine, nyaya za plagi zichomolewe. Mashine isimame wima, na chini yake pawekwe beseni. Skrubu ya chini ifunguliwe kwanza, kisha ya juu, ili hewa iingie na oili itoke.

Oili nyeusi imechoka tu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi sababu ni mshipi au uzi wa wavu uliojisokota nyuma ya rafadha na kukata mpira wa kuzuia maji. Rafadha ivuliwe, uzi uondolewe na mpira ubadilishwe, la sivyo oili mpya itaharibika vilevile.

Oili mpya husukumwa kutoka tundu la chini hadi itokeze juu bila mapovu. Skrubu ya juu hufungwa kwanza, kisha ya chini upesi, kila moja na washa mpya. Anayejaza kutoka juu hufungia hewa ndani, na gia hukosa oili.

Oili chafu iende wapi?

Isimwagwe horini. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, na oili huiziba pumzi. Humo ndimo makinda ya samaki na kamba hujificha. Oili iliyotumika ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na visima na watoto, hadi ipatikane safari ya kuipeleka kwa mafundi wa mjini wanaoipokea.

Kazi kubwa zaidi, kama kubadilisha mpira au pampu, hufaa kufanywa wakati wa kusi kali, vyombo vingi vikiwa vimepandishwa pwani. Na hata mashine iliyohudumiwa vizuri haiondoi haja ya kubeba kasia, tanga dogo, plagi ya akiba na maji ya kunywa.