Kenya: Tovuti za serikali na haki ya watu wenye ulemavu

Nchini Kenya, huduma nyingi za serikali zilizokuwa zikitolewa dirishani sasa hupatikana katika jukwaa moja la mtandaoni, eCitizen. Humo ndimo raia anamoombea pasipoti au cheti cha kuzaliwa, na ndimo anamolipia ada zake. Utaratibu huo umepunguza foleni na safari. Lakini kwa asiyeona, kwa kiziwi au kwa asiyeweza kutumia mikono, swali la kwanza ni iwapo mlango huo unamfungukia.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu, sawa na asilimia 2.2 ya wakazi wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa. Kenya pia iliridhia, mwaka 2008, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inaitaja intaneti kwa jina. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipata kiwango cha kitaifa, KS 2952, kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, na Mei 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Kutimiza matakwa hayo ni kazi ya kiufundi iliyo wazi. Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, inayogeuza maandishi kuwa sauti. Programu hiyo hutegemea yaliyoandikwa ndani ya ukurasa: kisanduku cha fomu kisicho na jina hakimwambii mtu ajaze nini, na waraka uliopigwa picha tu, bila maandishi yanayosomeka, kwake ni karatasi tupu. Hata lugha ina uzito. Ukurasa wa Kiswahili ambao haukutambulishwa hivyo huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, msikilizaji asiambulie kitu.

Asiyeweza kushika kipanya huhitaji kila kitufe kifikiwe kwa kibodi. Kiziwi huhitaji maandishi au mkalimani wa lugha ya ishara katika video. Kwa mwenye uoni hafifu, miongozo ya kimataifa ya shirika la W3C, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, hutaka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa usuli wake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1.

Mambo hayo yanapokosekana, mhusika hulazimika kutafuta msaidizi, pengine mhudumu wa saiba, na kumkabidhi nenosiri, nambari ya kitambulisho na msimbo wa siri uliotumwa kwenye simu yake. Jambo ambalo jirani yake hulitimiza faraghani, yeye hulitimiza mikononi mwa mtu baki. Hapo hupotea siri yake na uhuru wake, na mlango wa udanganyifu hubaki wazi.

Ufikivu huwa na gharama ndogo zaidi unapopangwa tangu tovuti inapobuniwa kuliko unapoongezwa baadaye. Programu za ukaguzi husaidia, ila hugundua sehemu tu ya kasoro: huweza kuthibitisha kwamba picha ina maelezo, lakini si kwamba maelezo hayo yana maana. Kipimo cha kuaminika ni kuwaalika watu wenye ulemavu waijaribu huduma kabla haijazinduliwa, kuanzia kufungua akaunti hadi kupokea stakabadhi. Na pale ambapo kasoro bado haijarekebishwa, dirisha la kawaida halina budi kubaki wazi.